Bitana ya Fundi

Mwanamume aliyeniacha kwa sababu ya unene ni fundi cherehani, na haki lazima isemwe, ni fundi hodari. Mtu akiingia mlangoni tu, yeye ameshajua kiuno chake. Mimi alinipima hata hivyo. Kila mwaka, watoto wakishonewa nguo mpya, alinizungushia futi mbele ya wateja, akaitaja namba kwa sauti, kisha akauliza kama kuna wa kumwazima futi ya pili aunganishe. Wateja walicheka. Nami nilicheka, maana mke wa fundi hanuniani na wateja.

Jina la Pipa alinipa yeye. Mwaka wa kumi na tisa wa ndoa akaleta mwanamke mwembamba kama sindano, akanipa talaka yangu na mabegi mawili. Alisema anataka kuzeeka na mtu mwenye afya.

Nikapata kazi ya usafi kwenye zahanati. Katika mji huu watu wetu ni wachache, tumebanana mitaa miwili nyuma ya stesheni, na lugha yetu haivuki barabara kuu. Fundi hakujifunza ya wenyeji. Wateja wake wote ni wa kwetu. Mimi sikukanyaga darasa, lakini lugha ya wenyeji niliiokota sakafuni, neno moja moja, nikipiga deki. Daktari akikwama na mgonjwa wa kwetu, ananiita. Naegemeza fagio ukutani, nakuwa mdomo wa watu wawili. Mshahara unabaki wa fagio.

Mwaka jana wakubwa wa zahanati wakagundua kwamba watu wetu wanaanguka zaidi kwa ugonjwa wa moyo kuliko wenyeji. Sisi tulijua siku zote, ila tulikuwa tunaita kijicho. Wakabandika mabango mitaa yote miwili, yameandikwa kwa lugha tusiyoisoma, yana picha ya mwanamke mnene ameshika kifua. Kila aliyepita alitazama bango, halafu akanitazama mimi. Wembamba wote walirudi makwao wakiwa na amani.

Zahanati ilipotupangia siku ya kupima damu, Fundi alikuja kuchekesha watu. Aliiambia foleni nzima kwamba Pipa asisogezwe karibu na mashine ya kupimia, itavunjika. Mimi nilitolewa damu mbele yao, ili wasiogope sindano. Naye, kwa kuwa wote walikuwa wanamtazama, ikabidi atoe.

Wiki mbili baadaye aliitwa, akaja na mkewe. Daktari, mwanamke kijana mwenye miwani, akaniita nitafsiri. Nilipoingia na glavu zangu za mpira, Fundi akanitaka nimwambie daktari alete mtu mwingine. Nikamwambia. Daktari akasema hakuna mwingine. Nikamrudishia Fundi: hakuna.

Daktari akaeleza kwamba kolesteroli yake imepanda sana. Ni mafuta yanayotembea ndani ya damu; yakizidi, yanagandana kwenye kuta za mishipa, mpaka siku moja njia ya kwenda moyoni inaziba. Nikatafsiri yote. Sikutia chumvi, hasa kwa kuwa chumvi nayo aliambiwa apunguze.

Fundi akacheka. "Mafuta? Mimi huyu? Mwambie wamechanganya karatasi. Hiyo damu ni yako."

Nikatafsiri na hilo. Daktari akaniomba ruhusa, akafungua faili langu. Akasema nikipungua kidogo magoti yangu yatashukuru, lakini kolesteroli yangu haina neno. Nikamweleza Fundi hivyo hivyo, na magoti nikayataja.

"Unamsikia?" akamwambia mkewe. "Anajitungia. Miaka sita anatafuta pa kunilipizia, leo kapewa mdomo."

Jambo hilo sikuwa nimelifikiria, yeye ndiye aliyenifungua macho. Kweli, nilikuwa nimepewa mdomo. Ningeweza kumwambia Fundi kwamba daktari ameona kosa, karatasi zimechanganywa, nenda nyumbani salama. Angetoka anacheka. Na siku akianguka, watu wetu wangeita kijicho.

Daktari akauliza baba yake alikufaje. Hilo sikuhitaji kumuuliza Fundi, nilikuwa mkwe wa nyumba ile. Mzee aliangukia cherehani akiwa na miaka arobaini na sita, mguu bado uko kwenye pedali. Kaka yake Fundi akafuata, mkasi mkononi. Wote wembamba. Daktari akaacha kuandika. Akasema hali hii huweza kurithiwa, na watoto nao wapimwe.

Binti yetu mkubwa ana umbo la baba yake. Miaka yote watu wananipongeza kwa hilo. Nikavua glavu.

"Fundi," nikamwambia, "mteja akikuletea koti zuri, unajuaje kama bitana yake ya ndani imeoza?"

Swali la kazi yake hajawahi kuliacha bila kulijibu. "Mpaka ulifumue," akasema.

"Basi wewe umefumuliwa. Baba yako na kaka yako hawakufumuliwa. Na mtoto wetu amekatwa kwenye jora lile lile."

Mkewe akaniambia kwa sauti ndogo, "Dada, muulize daktari afanye nini." Ilikuwa mara yake ya kwanza kuniita dada.

Daktari akasema aache sigara kabisa, vya kukaanga avipunguze, atembee kila siku, ameze kidonge kimoja kila siku bila kuruka, na arudi kupimwa kila baada ya miezi mitatu. Fundi akakigeuzageuza vidoleni kidonge cha kwanza alichopewa kama kifungo kisichofanana na wenzake. Akasema atakimeza ikiwa mimi nitatangulia kumeza changu. Nikatafsiri. Daktari akakataa.

"Anasemaje?" Fundi akauliza.

Nimetafsiri maneno mengi katika chumba kile, lakini hakuna niliyoyatamka taratibu kama hayo. "Anasema mimi sivihitaji."

Akakimeza pale pale, bila maji, kwa hasira. Hasira si nzuri kwa moyo, lakini siku ile ilimfaa.

Binti yetu alipimwa wiki ile ile. Anayo hali hiyo, kama baba yake, ila tumeiwahi, na yeye hakuniomba nionje dawa yake.

Watu wananiuliza kwa nini nilimsaidia mtu asiye na moyo. Anao, daktari kanihakikishia. Namtakia maisha marefu, na sisemi kwa mzaha. Aishi miaka arobaini mingine, ale mboga za kuchemsha, na kila baada ya miezi mitatu aketi kwenye kile kiti, asubiri Pipa amwambie hali yake.