Siku Koko Huguette Alipokataa Kufungua Geti

Siku waliyokuja kumposa mjukuu wake, Koko Huguette aliamka kama anavyoamka siku zote, na alikuwa ameapa hatabadilisha hata kitu kimoja. Alipiga magoti kando ya kitanda akasali. Akafunga kitambaa kichwani, akavaa soksi, akavaa kandambili juu ya soksi, akaingia jikoni kuangalia unga wa mandazi uliokwisha kuumuka. Yeye na Wakongo wenzake huyaita benye, kama bibi wanavyomwita koko.

Ulikuwa mwisho wa Mei. Pale Umbilo baridi yenyewe ilikuwa bado haijakolea, ila dalili zote zilikuwapo: jua linachelewa, upepo mkavu unashuka kutoka milimani alfajiri, majani yamejaa barabarani, na watu wa Durban wamejifunika makoti mazito utadhani kesho itaanguka theluji. Koko huwacheka. Yeye ni mtu wa Bukavu, na kwao baridi si jambo la kuvalia koti. Magoti yake ndiyo hayacheki, yanauma tangu Aprili, lakini ukimwuliza atakuambia magoti ni mazima, wenye kosa ni waliojenga ngazi za baraza.

Kila asubuhi hufagia kuanzia barazani mpaka getini, kisha hupitiliza nje akafagia na barabara, majani yasiyo yake kwenye barabara isiyo yake. Akimaliza hubeba ndoo yake ya benye hadi Umbilo Road, akakaa kwenye kigoda mbele ya saluni anayosukia nywele jirani yake, Coletha. Askari wa jiji wakimwambia aondoke, anaondoka. Anavuka barabara, anasubiri wapite, anarudi pale pale. Wao wameshachoka, yeye bado. Ndivyo alivyo huyu bibi, ukimwambia usifanye, umeshamtia hamu.

Sasa Apollinaire, kwa akili zake zote na duka lake la simu kule Isipingo, akaenda kumwambia usifanye.

Apollinaire ni baba mdogo wa Larissa, yule mjukuu wa Koko, ndugu wa baba yake. Wiki mbili kabla ya siku hiyo alikuja na gari lake, akanywa chai, akasifu chai, halafu akatoa tangazo. Wazee wa mchumba wa Larissa, kijana Mzulu aitwaye Lwazi, watakuja Jumamosi asubuhi kuleta posa. Watakuja hapa kwa sababu binti analala hapa, lakini atakayewapokea ni yeye, kwa sababu mtoto ni wa ukoo wa baba, wa nyumba ya Bisimwa. Koko atakuwa jikoni. Alilisema hilo kwa sauti ya upole, ya kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. Mama wa mama, alisema, hana neno katika mahari, desturi ndiyo inavyotaka, siyo yeye.

Koko alimwongezea chai. Apollinaire akadhani amekubali, akaenda zake akipiga mluzi.

Desturi! Hebu niseme mambo yalivyokuwa, maana hasira zinanipanda hata mimi ninayesimulia. Grâce, binti wa pekee wa Koko, alifariki Bukavu, Larissa akiwa hajajua hata kufunga viatu. Baba wa mtoto alisema anakwenda Lubumbashi kutafuta kazi, na mpaka leo bado anaitafuta. Aliyemfunga yule mtoto mgongoni kwa kitenge akashuka naye Zambia, akashuka naye Zimbabwe, akalala naye chini kwenye stendi za mabasi mpaka wakafika Durban, ni Koko. Aliyemsomesha kwa benye ni Koko. Apollinaire alikuja Durban baadaye, akajua wanapoishi, na miaka yote hiyo alionekana mara moja tu, siku ya sherehe ya Larissa kumaliza shule. Alikula akashiba, akafungiwa na chakula cha kwenda nacho.

Koko hakuutaka huo mwisho wa mambo, akae jikoni akisikiliza kupitia ukutani watu wakimwomba mwanaume mwingine mtoto aliyemlea yeye. Mali hakuitaka, waichukue yote, wakanunulie magari. Alichotaka ni kitu kimoja: aulizwe yeye.

Na alikuwa amejifunza kitu. Wamama wa Kizulu wanaonunua benye pale saluni walishamweleza desturi yao. Wajumbe wa posa huja asubuhi na mapema, husimama nje ya geti, hawabishi hodi wala hawaingii, bali huita kwa sauti kubwa jina la nyumba waliyoijia. Mwenye jina ndiye hufungua. Na akitaka kuwaacha wamesimama kidogo, huwaacha, ili wajue binti hakuokotwa. Koko aliipenda sana desturi hiyo. Aliwaambia wale wamama kwamba kwa jambo hili, Wazulu iko na akili.

Apollinaire hakuwahi kumwuliza Mzulu yeyote jambo lolote. Yeye asubuhi yake ni saa nne, mtu akishaoga akanywa kahawa. Kwa hiyo jua lilipochomoza wanaume wanne walikuwa wamekwisha simama nje ya geti na makoti yao, mbele yao msemaji wao, mzee Ngcobo mwenye kofia, na Apollinaire bado alikuwa Isipingo akitafuta tai.

"Kwa Bisimwa!" mzee Ngcobo aliita. Sauti ilikuwa ya mtu aliyezoea kuita ng'ombe kutoka ng'ambo ya mto.

Koko alikuwa anageuza benye kwenye mafuta. Alimsikia vizuri sana. Mzee akaita tena, na tena, mbwa wa mtaa mzima wakaanza kubweka, na Coletha anayekaa upande wa pili wa nyumba hiyo hiyo akafungua dirisha kuona kuna nini. Ndipo Koko alipotoka barazani na mwiko mkononi.

"Hapa hakuna Bisimwa," alisema, kwa Kizulu chake cha sokoni na sauti iliyofika barabarani. "Bisimwa iko Isipingo."

Wanaume wakatazamana. Wakamwambia kwa adabu kwamba wanamtafuta binti Larissa, na Koko akakubali kwa adabu vilevile kwamba Larissa yumo ndani, ila nyumba wanayoiita si hii. Akarudi jikoni kugeuza benye zisiungue.

Larissa alikuwa amejificha chumbani, maana kwa desturi ya Wazulu binti anayeposwa haonekani. Alikuja jikoni akiwa amejitanda kanga, machozi yamemjaa, akamwomba bibi yake afungue. Alimkumbusha kwamba Wazulu wakidharauliwa mbele ya geti huondoka wasirudi, na Lwazi ni kijana mwema, anafanya kazi bandarini, anampenda, hajawahi kumpandishia sauti. Yote hayo Koko aliyajua. Alimpenda Lwazi tangu siku ya kwanza alipokuja kumbebea mtungi wa gesi.

"Wakienda leo nitakuwa nimekuharibia maisha," alimwambia, "na nitalia mpaka siku ya kufa. Ninaogopa, mutoto wangu. Lakini siwezi kukaa humu ndani kimya wakati banakuomba kwa mutu ule."

Larissa alimtazama, akarudi chumbani akafunga mlango. Koko akajua amekwenda kulia. Alitamani kumfuata, akajizuia.

Apollinaire alifika suti imemkaa vizuri, viatu vina ncha, jasho linamtoka hata katika baridi ile, akiwaomba wazee radhi kwa ajili ya maroboti, yaani taa za barabarani, yote yaliyokuwa mekundu njiani. Akashika geti akalitikisa. Kufuli. Ufunguo ulikuwa kwa Koko, na mwingine kwa Coletha, na Coletha kutoka dirishani alisema jamani ufunguo wake umepotea tangu jana, ameutafuta hadi chini ya godoro. Alikuwa ameushika mkononi.

Apollinaire akampigia Koko kelele afungue. Koko akasimama barazani asitikisike. Apollinaire akamwambia anaaibisha familia, na Koko akamwuliza ni familia gani hiyo. Ndipo Apollinaire alipofanya kosa lake kubwa. Aliwageukia wazee akawaambia kwa Kiingereza, huku akicheka, kwamba wamsamehe huyu bibi, umri umemla, kichwa hakimkai tena sawasawa.

Koko hakusoma sana, ila Kiingereza cha kumtukana alikijua vizuri. Alizishuka ngazi moja moja, magoti yakiuma, akaja mpaka getini akasimama karibu na uso wa Apollinaire, vyuma tu katikati yao. Akamjibu kwa Kiswahili, polepole, na wala hakupaza sauti.

"Ule mutoto nilimubeba mugongo kutoka Bukavu mpaka hapa. Alipougua sikukuona. Alipolala njaa sikukuona. Leo kuna watu na makoti mazuri kwa geti, ndiyo umekumbuka yeye ni wa kwenu. Basi bebeni huo ukoo wenu muende nao Isipingo. Ufunguo iko huku." Akajipiga kifuani, ulipokuwa umening'inia ndani ya nguo.

Hakuna aliyemtafsiria mzee Ngcobo, na sidhani kama alihitaji. Alimtazama bibi, akamtazama Apollinaire, akashusha pumzi. Kisha akawaambia wenzake maneno machache, akaivuta kofia yake vizuri kichwani, akaanza kurudi kuelekea gari. Wale wengine wakamfuata.

Hiyo ndiyo aibu yenyewe, Koko alijiambia, umeitafuta umeipata, mtoto atakuchukia uzeeni. Mkono wake ukapanda wenyewe kifuani ukaushika ufunguo. Akaukaza pale pale. Hakuwaita. Macho makavu, kidevu juu, akasimama akiwatazama wanavyokwenda, na kama wangeingia garini nina hakika angesimama vilevile mpaka jioni.

Simu ya mzee Ngcobo ikalia. Alisikiliza muda mrefu, akasema ndiyo, akasema ndiyo tena, akageuka akaitazama nyumba. Aliyepiga ni Lwazi, na aliyempigia Lwazi ni Larissa. Alipofunga mlango wa chumba hakwenda kulia. Alikwenda kumwambia mchumba wake kwamba wazee wake wanaita jina lisilo la nyumba hii, awape lililo sahihi, na kama hawataliita basi hata yeye hatoki.

Mzee akarudi getini. Akamwomba Apollinaire asogee kando, akavua kofia.

"Kwa Huguette!" aliita. "Kwa Huguette! Tumefika, mama, tunaomba kufunguliwa!"

Mtaa mzima ulisikia. Coletha alipiga kigelegele dirishani mpaka kikamkauka kooni. Na Koko? Koko aligeuka, akapanda ngazi zake, akaingia jikoni, akachota unga uliobaki akaendelea kukaanga. Wajumbe wakabaki wamesimama nje kwenye upepo, na Apollinaire pamoja nao. Alikaanga hadi benye ya mwisho, akalia huku anakaanga, machozi mengi ya mtu ambaye hajalia tangu amzike binti yake, na Coletha alipoingia kwa mlango wa nyuma kumhimiza, aliambiwa ni moshi wa mafuta. Coletha alimwambia, "Sawa bibi, moshi," akamfuta uso kwa ncha ya kanga.

Kisha Koko akabadili kitambaa cha kichwa, akashuka, akafungua.

Waliketi sebuleni, wazee upande mmoja, Koko upande wa pili kwenye kiti chenye mikono. Apollinaire aliketi pembeni karibu na mlango, kwa sababu hakuna aliyemwonyesha mahali pengine. Larissa alikuwa nyuma ya mlango wa chumba, sikio limegandana na ubao. Mzee Ngcobo alianza kusema, na hakumtazama mtu mwingine hata mara moja. Alisema kijana wao ameona binti katika nyumba hii, amempenda, na wao wametumwa kumwomba. Wamefika kwa aliyemlea. Wanamwomba yeye, na neno litakalotoka kinywani mwake ndilo watakalolichukua nyumbani.

Koko Huguette alikunja mikono mapajani. Aliolewa bila kuulizwa, akafiwa bila kuulizwa, akahama nchi bila kuulizwa, na katika umri wake wote hakuwahi kuona wanaume wazima wameketi kimya wakingoja aseme yeye. Jibu alikuwa nalo tangu siku ya ule mtungi wa gesi. Moyoni alikwisha kumtoa mtoto kwa Lwazi, na baraka zote, na benye za njiani.

Apollinaire alikohoa akataka kusema kitu. Mzee Ngcobo akamnyooshea kiganja, asubiri, mwenye nyumba anafikiri.

Na kweli alikuwa anafikiri. Aliwatazama mmoja mmoja, bila haraka.

"Nimesikia," alisema. "Mutarudi Jumamosi ingine. Nitakuwa na jibu."