Kamera ya Zamani na Bango la Shemeji

Mtaani walimwita Tabasamu, kwa sababu ndilo neno alilowaambia watu kutwa. "Tabasamu, kaka. Tabasamu kidogo, mama, hii siyo picha ya msibani." Yeye mwenyewe hakuwa mtu wa kuchekacheka. Alikuwa mpiga picha, mke wa fundi bomba, na studio yake ilikuwa chumba kimoja kilichobanwa kati ya kinyozi na duka la vyombo. Ndani mlikuwa na stuli, shuka jeupe ukutani kwa picha za pasipoti, pazia la buluu kwa wanaotaka kupendeza, na kioo chenye kitana kilichofungwa kwa kamba ili wateja wasiondoke nacho.

Kamera yake ilikuwa ya wanaoanza, ya zile zinazouzwa na lenzi moja humohumo ndani ya boksi. Alipoinunua, watu walisimama mlangoni kuitazama. Miaka ilipokwenda, mpira wa kushikia ulibanduka akaugandisha kwa gundi ya viatu, kioo cha nyuma kikaota doa jeusi pembeni, na kitufe cha kupigia kikawa kinataka kubembelezwa. Ukumbini, taa zikipunguzwa, ilikuwa kama mzee aliyesahau miwani: inalenga, inakosa, inarudi, inalenga tena, na bibi harusi keshageuka. Lakini kwenye mwanga wa kutosha ilitoa picha safi, na harusi za mtaa mzima zilikuwa zimepita ndani yake.

Mdogo wa mumewe alipomaliza shule na kukosa la kufanya, walimchukua akae nao. Tabasamu akampokea studioni kwake. Alimfundisha kushika kamera bila kutetemeka, kumgeuza mtu mwenye kovu ili kovu lisionekane, kumsubiri mtoto anayelia mpaka achoke kulia. Alimpikia, alimfulia, alimtetea kwa kaka yake alipochelewa kurudi. Shemeji akaiva. Wakawa wanakwenda harusini wawili, huyu kamera, yule taa, na wakirudi wanakaa mbele ya kompyuta wakichagua picha na kuwacheka wajomba waliolala mezani.

Kisha siku moja shemeji akasema mgongo unamuuma. Kesho yake ukamuuma tena. Wiki iliyofuata alifungua studio yake ng'ambo ya barabara, akitazamana na mlango wa Tabasamu, na shingoni amening'iniza kamera ya kisasa, ile ya wataalamu, nyeusi, nzito, lenzi yake nene kama chupa ya chai. Wateja wa kwanza kuingia walikuwa wale ambao namba zao za simu zilikuwa kwa Tabasamu tu.

Hilo alilimeza. Alimwambia mumewe, "Mtu akikua huhama." Akafagia chumba chake, akafunua pazia.

Lililomshinda lilikuwa bango.

Lilipandishwa asubuhi, refu toka dirisha hadi paa. Lilikuwa na picha mbili. Ya kulia ilikuwa ya bibi harusi anayeng'aa, kila uzi wa shela unaonekana. Ya kushoto ilikuwa ya bibi harusi mwingine, uso umejaa chenga, ukungu tupu, kama ameonekana ndani ya mvua. Juu ya ile ya kulia paliandikwa KAMERA YA KISASA. Juu ya ile ya kushoto paliandikwa KAMERA YA ZAMANI. Na chini yake: MWENYE MACHO ATAONA TOFAUTI.

Picha ya kushoto ilikuwa ya Tabasamu. Aliipiga mwenyewe katika harusi ambayo umeme ulikatika, akaiweka kando, hakumpa mteja. Ilikuwa kwenye kompyuta yake. Mtu mmoja tu mwingine alijua ilipo.

Alisimama katikati ya barabara akaitazama mpaka mwendesha baiskeli akampigia kengele. Kinyozi alitoka, akaguna, akarudi ndani. Hakuna aliyehitaji kutajiwa jina.

Mchana uleule bibi harusi wa kwenye picha aliingia studio akiwa na sare zake za kazi. Alikuwa nesi wa kituo cha afya, mama wa mtoto wa shule sasa.

"Dada, mimi nilikukosea nini?" alisema. "Uso wangu umewekwa barabarani kama mfano wa ubaya. Wagonjwa wananiuliza nilikuwa naumwa nini siku ya harusi."

Tabasamu alimkalisha kwenye stuli, akamweleza yote. Nesi alisikiliza, akapangusa macho kwa mgongo wa mkono.

"Kwa hiyo unafanya nini?"

"Kwanza nitaongea naye. Akikataa, nitamfanyia kitu ambacho hatakisahau."

Jumapili familia ilikutana kwa mama mkwe. Tabasamu alingoja sahani zitolewe.

"Shemeji, lishushe lile bango."

Shemeji alikuwa anachokonoa meno. "Shemeji yangu, ile ni biashara tu. Kwani nimetaja jina la mtu?"

"Umeiba picha kwangu."

"Nimeonyesha ukweli. Kile kibiriti chako umekifanyia nini zaidi ya kukipaka gundi? Nunua kamera, dunia imekwenda." Akacheka, na wapwa wawili wakacheka naye.

"Wanangu," mama mkwe akasema, "damu nzito kuliko maji."

"Damu ni yenu, mama," Tabasamu akajibu taratibu. "Mimi hapa ni mtu wa kuja."

Mumewe alitazama mikono yake. Alikuwa mtu wa amani, na watu wa amani siku kama hizo huwa hawana faida. Njiani kurudi nyumbani alisema, "Wahenga walisema fadhili mbuzi utakunywa mchuzi." Tabasamu akamkata: "Wahenga hawakuishia hapo. Nami siishii hapo."

Tangu siku ile hasira ikawa kazi yake ya pili. Alipiga pasipoti huku macho yako ng'ambo. Aliona nani anaingia, nani anatoka na bahasha kubwa. Alikwenda harusi za shemeji kama mgeni mwalikwa, akakaa meza ya nyuma, akamsoma. Aliona kamera ile ikikamata jicho la mtu anayecheza bila kuyumba, ikipiga bila mlio, ikiona penye giza ambapo yeye angeshika ukuta. Harusi moja shemeji aliacha mkoba wake chini ya kiti karibu na miguu ya Tabasamu, zipu wazi, kadi za picha zimo ndani. Ingetosha kuinama. Vidole vyake vilikwisha kugusa mkanda. Akafikiria bibi harusi wa siku ile, ambaye hakumkosea kitu, akavirudisha vidole mapajani. Siyo kwamba alimhurumia shemeji. Alitaka kitakachompata kimpate peke yake, na watu wakiwepo.

Nafasi aliitengeneza mwenyewe. Shule ya msingi ya jirani, alikosoma mtoto wa nesi, ilikuwa inatafuta mpiga picha wa mahafali. Mwalimu mkuu alikuwa mtu mcheshi aliyependa sana neno "bure". Tabasamu alimfuata ofisini.

"Mwalimu, msiamue kwa maneno. Tuje sote wawili, mimi na shemeji yangu, tupige watoto walewale bila malipo, picha tuzisafishe duka moja, karatasi moja, saizi ya postikadi. Mzitundike zote zikiwa zimechanganywa, bila majina, muhuri wa kila mmoja ukiwa nyuma tu. Wazazi wachague."

"Bure kabisa?"

"Bure kabisa, mwalimu."

"Mwenzako atakubali?"

"Mwambie nimesema anaogopa."

Shemeji alikubali hata kabla ya kuketi, ndivyo mwalimu mkuu alivyosimulia baadaye.

Tabasamu alijua alichokiomba. Aliomba picha zipigwe asubuhi, kwenye kivuli cha ukuta mrefu wa madarasa, mtoto mmoja mmoja, amesimama wima. Hapakuwa na ukumbi wala kucheza wala giza. Aliwasogeza watoto mbali na ukuta na miti, akaivuta lenzi yake mpaka mwisho, ili nyuma pawe laini kama pale kwenye picha za gharama. Na saizi ya postikadi haina nafasi ya kujisifu: kamera kubwa na kamera ndogo huko hukutana njiani. Alikuwa ametega mashindano kama mtu anavyotega panya, na hakujidanganya kwamba yalikuwa ya haki.

Shemeji alifika amechelewa, akapiga darasa zima kwa kasi ya mvua ya mawe, akaondoka na simu sikioni.

Siku ya mkutano wa wazazi picha zilijaa ubao wote wa mbele. Wazazi walipita, wakawatafuta watoto wao, wakaweka alama ya kalamu kwenye picha waliyoipenda. Alama zilitawanyika, huku na huku, hakuna aliyemwacha mwenzake mbali. Shemeji alikuwa amesimama karibu na mlango, kamera shingoni, anatabasamu kama mtu anayesubiri kuitwa jukwaani.

Nesi ndiye aliyesimama. Walikuwa wamepanga.

"Mwalimu, naomba kuuliza. Kaka huyu ana bango kubwa pale barabarani, na mimi nimo, mnanijua. Bango linasema mwenye macho ataona tofauti. Yeye ana macho. Basi atuonyeshe hapa, zipi za kamera ya kisasa, zipi za zamani."

Watu waligeuka. Mwalimu mkuu akasugua mikono. "Haya, mtaalamu, tusaidie."

Shemeji alipita mbele kwa madaha. Picha ya kwanza alipatia. Watu wakaguna kwa heshima, naye akapata nguvu. Akaweka kidole juu ya nyingine, ya msichana mwenye mwanya.

"Tazameni hii. Ngozi haina uhai. Nyuma pamekuwa pagumu. Hiki ndicho ninachowaambia kila siku. Hii ni kamera ya zamani."

Mwalimu mkuu akaibandua, akaigeuza. Nyuma yake ulikuwa muhuri wa studio ya shemeji.

Kisha mzee mmoja wa nyuma akapasuka kwa kicheko, na ukumbi mzima ukafuata.

"Ngojeni," shemeji akasema. "Ni mwanga wa humu ndani. Hii je, hii hapa ni yangu, hakuna ubishi." Akaigeuza mwenyewe. Ilikuwa ya Tabasamu.

"Basi, kaka, basi," mama mmoja akamwambia, "utajimaliza."

Tabasamu alikuwa amekaa mstari wa tatu, mikono juu ya mkoba wake. Hakucheka wala hakusimama. Alimtazama tu shemeji mpaka macho yao yakakutana, na alihakikisha hayo ya kwake hayakuwa ya kwanza kuinama. Baadaye alisema kwamba hakuna chakula alichowahi kula kikamkaa vizuri tumboni kama dakika ile.

Bango lilishuka kabla ya jua kuzama. Lakini jina jipya lilikuwa limepanda: mtaa mzima ukamwita shemeji Ipi Ni Ipi. Tabasamu hakuliacha lipoe. Kila mteja wa pasipoti aliyekaa kwenye stuli alisimuliwa kisa, na kila mara kisa kiliongezwa chumvi. Mumewe alimwambia, "Mke wangu, sasa imetosha."

"Itatosha nikisema mimi."

Wateja wa shemeji walipungua mmoja mmoja. Hakuna anayetaka mpiga picha anayechekwa. Mwisho akatangaza kuiuza kamera. Mume wa nesi alikwenda kuinunua, akapatana bei, akashikana naye mikono, akavuka barabara akamkabidhi mwenye fedha yake.

Siku shemeji alipokuwa anapakia viti na taa kwenye gari, Tabasamu alitoka mlangoni kwake, kamera ile imening'inia shingoni. Shemeji aliiona. Alisimama na kiti mkononi, kama mtu aliyesahau anakipeleka wapi.

"Shemeji," akasema hatimaye, "lenzi usiipanguse kwa khanga. Itunze."

"Kama ulivyotunza wema wangu?"

Akapakia kiti.

Harusi ya kwanza Tabasamu alikwenda nayo ilikuwa kwenye ukumbi wenye taa hafifu. Maharusi waliingia wakicheza. Aliinua kamera, ikamshika bibi harusi jichoni, ikamfuata alivyozunguka, na alipotazama kioo cha nyuma aliona jasho kwenye midomo yake, machozi yasiyodondoka bado, na nyuma yake mama mzazi amefunika mdomo. Miaka yote hiyo picha kama ile ilikuwa ikimpita. Alikaa kwenye kiti cha karibu. Nyumbani alimwambia mumewe, "Alisema kweli yule. Tofauti ipo, kubwa. Ila aliisema kwa mdomo mchafu."

"Mwambie basi."

"Sitamwambia mpaka naingia kaburini."

Shemeji alipata kazi mji mwingine, kwenye duka la kuchapisha kadi. Ulipita muda mrefu kabla mama mkwe hajawakutanisha. Alimwita kila mtu nyumbani kwake, akawashikanisha mikono mbele ya wajukuu, akasema anataka kufa akiwa na picha ya watoto wake wote.

"Yaishe, shemeji," shemeji akasema. Alikuwa amekonda.

"Yameisha," Tabasamu akasema.

Akawapanga sebuleni, mama katikati, wajukuu chini, shemeji nyuma upande wa dirisha. Akapiga nyingi, kamera ikizimwaga kama mtama. Mama mkwe akalia kidogo kwa furaha.

Picha iliporudi ikiwa ndani ya fremu kubwa ya dhahabu, fundi bomba aliishika mbele yake akaitazama. Mama alikuwa amependeza. Wajukuu walikuwa wamependeza, hata yule asiyetulia. Shemeji peke yake alikuwa amefumba macho, mdomo umeachama nusu, kama mtu anayekoroma msibani.

"Hakukuwa na nyingine?" akauliza.

"Zilikuwepo," Tabasamu akasema. "Nyingi tu."

Fundi bomba alimtazama mkewe, akatikisa kichwa, akaenda kutafuta nyundo na msumari.