Nepi za Maji ya Kisima

Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa nikiwa na miaka arobaini na sita, na nilikuwa nimejiandaa kwa kusoma. Maandishi yote yaliyohusu watoto wachanga niliyoyapata Malindi niliyasoma, na yaliyonifaa nikayanakili kwenye daftari. Nepi peke yake zilichukua kurasa nne. Mwishowe niliamua tutatumia za kitambaa, za kufua. Daipa za dukani, za kutupa, zikishatumika, hapa kwetu Shella huishia jaani, na mbwa huziburura hadi milangoni mwa watu.

Mke wangu alikuwa bado katika arobaini ya uzazi, hivyo kazi ya kufua nikaichukua mimi. Mama mkwe, aliyekuja kutoka Jilore kumtunza binti yake, alicheka alipoona beseni langu.

"Mwanamume afua nepi! Nikirudi nyumbani hawataniamini."

Wiki ya tatu ngozi ya mtoto ilianza kuwa nyekundu, na baada ya siku mbili mapaja yakachubuka. Kila akikojoa alipiga ukelele. Nesi wa zahanati alitupa mafuta ya kupaka, akatuonya kwamba tukiona usaha au homa tusingoje, tukimbilie hospitali. Tangu hapo nilimgusa paji la uso kila mara, hata akiwa amelala vizuri, hata nikamwamsha.

Nilizidisha utaratibu, kwani sikujua njia nyingine. Nilichemsha nepi. Nilipunguza sabuni, nikasuuza mara tano badala ya tatu, nikazipiga pasi moja moja na kuziweka kitandani zikiwa laini. Mapaja yakazidi kuchubuka.

"Tumvalishe daipa," mke wangu alisema.

"Zitamziba ngozi. Nimesoma."

"Umesoma wewe. Na yeye?"

Nilitoka uani kuanua nepi, na mama mkwe akanifuata. Alishika moja iliyokuwa bado kambani. Ilikuwa ngumu kama kadibodi. Akaitia ncha yake mdomoni.

"Mkwe, hizi wasuuzia maji gani?"

"Ya kisima, mama. Mfereji umekauka tangu mwezi uanze."

"Hebu onja."

Nilionja. Ilikuwa chumvi tupu.

Nimezaliwa mtaa huu. Maji ya kisima chetu hatuyanywi wala hatuyapikii chai, na mfereji ukikauka ya kunywa twanunua kwa madumu. Lakini nguo zetu twazifulia hayo hayo, na ngozi zetu zimezoea, hata mtu hakumbuki kwamba ni ya chumvi. Katika kurasa zangu nne nilikuwa nimeandika habari za sabuni, jua na aina za kitambaa. Maji sikuyaandikia hata mstari mmoja. Kila suuzo lilirudisha chumvi ile ile kwenye kitambaa, pasi ikaulainisha ugumu ambao ungetuonya, kisha nikaufunga mwenyewe juu ya ngozi iliyochubuka.

"Usisimame hapo kama umepigwa," mama mkwe alisema. "Nenda dukani ukalete hizo daipa. Na hilo daftari lifunge kwanza, lipumzike."

Nilizileta. Mtoto alivalishwa daipa ya kwanza nami nikiwa nimesimama mlangoni, kwa kuwa sikuuamini tena mkono wangu. Siku mbili zilizofuata aliendelea kulia kila akikojoa, nami nikaanza kuhofu kwamba hata chumvi haikuwa sababu, au ilikuwa sababu lakini tumechelewa.

Siku ya nne nilikuwa nimemfungua ili nimpake mafuta. Alikojoa, na mkojo ukanimwagikia kiganjani. Nilikaza mwili wote kungoja ukelele. Akapiga mwayo.

Mapaja yalikuwa bado mekundu. Mke wangu alikuwa chumba cha pili na mama yake, nikawasikia wakiongea, lakini sikuwaita. Nilimfunika mtoto kwa leso, nikakaa kando yake kungoja akojoe tena, nipate hakika.