Siku Wafumaji Walipolinyamazisha Boila

Tam Laisim alikuwa na ulimi mkali na mikono miepesi. Ukitaka kumsikia akitukana, ungemtajia tu yule mgane wa ng'ambo ya mfereji. Kaka yake Kwongfai, mfumaji, alikuwa amekwisha kupokea nguruwe wa posa kutoka kwa mgane huyo. Laisim akaenda hekaluni na sisi wenzake, akazichana nywele zake mwenyewe na kuzifunga kichogoni. Kwetu mwanamke akifanya hivyo, ameapa kutoolewa. Lakini kiapo hakiliwi. Kilichomweka huru ni kiwanda cha mvuke, tulikokaa karai kwa karai tukitoa nyuzi za hariri kwenye vifuko vya viwavi ndani ya maji yanayotokota. Siku kiwanda kikifa, angerudi kwa kaka yake, na kaka yake angempeleka kwa mgane.

Wafumaji walikichukia kile kiwanda, na sitasema hawakuwa na sababu. Zamani wanawake walikunja nyuzi majumbani, nazo zikaishia kwenye mitambo yao ya kufumia. Sasa vifuko vyote vilikuja kwetu, na uzi wetu ukapanda meli za Wazungu. Mwaka ule viwavi wengi tuliowafuga majumbani walikufa, na mitambo ya wafumaji ikalala. Tena kulikuwa na kelele. Msimu wa viwavi kwetu mtu hapigi makelele. Hata maiti tunaizika bila ngoma, maana kiwavi akishtuka hali majani. Lakini boila letu, lile pipa la chuma la kuchemshia maji ya mvuke, lilipiga mluzi kila mvuke ulipozidi.

Kwenye sikukuu ya mungu wao, wafumaji walikunywa pombe iliyochanganywa na damu ya jogoo, wakaapa, wakaja. Mlinzi wa lango walimpiga kwa magogo ya mitambo hata uso wake ukapotea. Wakaingia na mapanga, wakikata nyuzi, wakivunja magurudumu ya kukunjia, wakitupiga popote mkono ulipofika.

"Tokeni, malaya wa mvuke!"

"Malaya ni mama yako aliyekuzaa bila akili!" Laisim akajibu.

Kwongfai akamkamata kwa nywele. "Leo nazifungua hizi. Twende nyumbani, mume anakusubiri."

"Kaolewe naye mwenyewe! Nguruwe si umemla wewe?"

Kwongfai akamgonga uso kwenye ukingo wa karai. Meno mawili yakaanguka majini. Laisim akachota maji yale yanayochemka akamwagia shingoni, na ngozi ikambambuka kama ya nyanya. Nilimsikia Kwongfai akilia, na Mungu anisamehe, nilifurahi.

Aliinua panga amkate. Hapo hapo boila likapiga mluzi. Wenzake walikuwa wamesukumiza magurudumu yote ya mbao yaliyovunjika tanurini, chini ya boila, moto ukapanda, na mvuke ukawa unatafuta njia.

"Viwavi!" mzee mmoja akapiga kelele, akajiziba mdomo. Kisha kwa sauti ya chini, "Mnyamazisheni huyo shetani, jamani, viwavi watakufa wote!"

Kwongfai akamwacha dada yake. Akanyakua shada la hariri, akalisokota kamba, akapanda juu ya boila. Pale juu palikuwa na mkono wa chuma unaoinuka kuachia mvuke, na hapo ndipo mluzi ulipotokea. Sisi tuliambiwa siku ya kwanza kabisa: mkono ule usiguswe, ukizuiwa boila litapasuka. Wafumaji hawakuambiwa na mtu. Akaufunga kwa nguvu, mizunguko juu ya mizunguko. "Hariri yenu wenyewe ndiyo itawafunga midomo!"

Kukawa kimya. Wakashangilia kwa kunong'ona, kwa ajili ya viwavi.

Laisim alitema damu, akanishika mkono. "Tokeni," akawaambia wanawake polepole. "Msikimbie. Tembeeni."

"We Laisim!" Kwongfai akaita kutoka juu, akicheka. "Unakwenda wapi? Twende nyumbani!"

Hakugeuka. Tulikuwa tumeuvuka mtaro wa miforosadi, miti ya majani ya viwavi, paa lilipoinuka. Chuma kilipita juu ya vichwa vyetu kikivuma, na baada ya chuma ikaja mvua ya matofali na nyama. Wafumaji waliobaki walitoka wakitambaa, wamepikwa, wakiomba maji. Kwongfai tulimkusanya kwenye mkeka.

Mwenye kiwanda alihamia mji wa Makau, nasi tukamfuata. Mgane alioa kwingine. Hakutaka tena ukoo wenye mkosi. Siku ya kuondoka, mama mzazi wa Laisim na Kwongfai alimshika binti yake kwenye mkono wa nguo.

"Mwanangu, mlipokuwa mnatoka, kaka yako aliwaona?"

"Alituona, mama."

"Akasema nini?"

"Alisema twende nyumbani."

Bibi wa watu akalia sana. "Alikupenda," akasema. "Pamoja na ubaya wake wote, alikupenda."

"Ndiyo, mama."

Ndani ya mashua Laisim alitapika mpaka akabaki na nyongo. Nilimfuta mdomo. Akanitazama kwa yale macho yake makavu.

"Ningemwita," akasema, "angeshuka."