Mama Kasi na Ram Alizozikimbiza

Mama Kasi hakupewa jina hilo kwa kutembea haraka. Alitembea kwa madaha, tena madaha ya mtu anayejua kwamba anatazamwa. Jina lilitokana na kompyuta yake, mashine kuukuu iliyotoka katika ofisi moja iliyofungwa, ambayo kila fundi aliyeiona alimshauri aitupe. Hakuitupa. Aliifungua, akaipangusa vumbi, akafuta grisi iliyokauka juu ya prosesa, ule ubongo wa mashine, na kupaka nyingine, akaifungia feni kubwa kuliko ile iliyozaliwa nayo. Kisha akaiwasha, akawahi kubonyeza kitufe kabla haijaamka vizuri, akaingia kwenye BIOS, ule ukurasa wa mipangilio ambao wengi wetu tukiingia kwa bahati mbaya tunatoka mbio. Mle ndimo mashine huambiwa iende mwendo gani. Yeye akaiambia ikimbie.

Wala hakuiambia kwa pupa. Aliipandisha prosesa hatua moja, akatoka, akaipa mashine kazi nzito, kisha akaenda jikoni kubandika maharage. Maharage yakiiva na mashine bado inachapa kazi, haijazima wala kuganda, basi hatua hiyo imekubali. Ikizima, alirudi BIOS akashusha kidogo, au akaongeza volti kwa kiasi cha kunusa tu, na kesho yake yakabandikwa maharage mengine. Mumewe alikula maharage mpaka akayazoea kama wimbo wa redioni, na hakulalamika, maana filamu za harusi zilizokuwa zikiwachukua kutwa nzima sasa zilitoka kabla ya chakula cha mchana.

Mumewe huyo watu walimwita Lenzi. Yeye ndiye aliyeshika kamera kwenye harusi za watu. Mkewe alihariri nyumbani, katika chumba cha mbele kilichokuwa sebule kabla nyaya hazijakiteka. Lenzi hakuwa na maneno mengi. Mama Kasi alikuwa na ya wote wawili, na mengine ya akiba. Mteja hajakaa, ameshaambiwa, "Usiione hivi mashine hii. Hizo mpya za madukani zinabaki kuona vumbi tu." Na hakuwa akijidai bure, tuseme ukweli. Kazi zilitoka kwa wakati na wateja walirudi.

Sasa, mtu akishaonja raha ya kukimbiza prosesa, jicho linamhamia kwenye ram. Ram ndizo zinazoishikia prosesa vitu vya kazi iliyopo. Prosesa ikikimbia na ram zikijikokota, ni sawa na mpishi hodari anayemsubiri mtu wa kumpa visu. Mama Kasi lilimkera jambo hilo. Akangoja nafasi, na nafasi ikaja vibaya.

Ilikuja na filamu ya harusi ya binti mmoja. Babu wa bi harusi alisimama siku ile akamwambia mjukuu wake maneno, na haukupita muda mrefu mzee akafariki. Hakuna mtu mwingine aliyemrekodi. Familia ilipanga kukutana Jumamosi iitazame filamu pamoja, na mama wa bi harusi alikuwa akipiga simu kila mara, kwa upole, akiuliza kama sauti ya baba yake inasikika vizuri. Picha zilikuwa zimeshahamishiwa kwenye kompyuta, na Lenzi alikuwa ameshaifuta kadi ya kamera kwa ajili ya kazi nyingine. Kilichokuwa ndani ya mashine ndicho hichohicho, hakuna kingine popote.

Mama Kasi, kwa kutaka kuwahi, akaingia BIOS akazipandisha ram. Hakubandika maharage siku hiyo. Alibandika chai. Chai ikachemka, mashine ikawa bado hai, akajipiga kifua kwamba imekubali. Chai, jamani.

Akairenda filamu, yaani akaviunganisha vipande vyote viwe kitu kimoja, kisha akaketi kuitazama. Mwanzo ulikwenda vizuri. Alipofika kwa babu, uso wa mzee ukapasukapasuka vijumba vya kijani na zambarau, na sauti ikakwaruza katikati ya maneno. Akarudisha nyuma, akatazama tena, ni palepale.

Simu ikaita. Alikuwa mama wa bi harusi.

"Kuna hitilafu kidogo kwa mzee," Mama Kasi alimwambia. "Ni kamera, mama. Mume wangu hakuigundua mapema. Lakini usiwe na wasiwasi, mashine yangu itajitahidi."

Lenzi alikuwa palepale mlangoni, anakunja waya. Alimaliza kuukunja, akaenda kuiangalia kamera yake, akaifuta kioo, akakitazama kioo hicho dirishani mara kadhaa bila kuona kasoro, akaifunga ndani ya begi lake. Kisha akampigia binamu yake, ambaye kwa muda mrefu alikuwa akiitamani kamera hiyo, akamwambia aje kuichukua Jumamosi.

"Uitoe, ufanye kazi gani?" mkewe alimuuliza.

"Nitapata tu. Nimechoka kuwaharibia watu siku zao."

Mama Kasi alimwonea huruma kwelikweli, lakini huruma yake ilikuwa ya mtu aliye juu anayemtazama aliyeanguka. Nitamwokoa, aliwaza. Akatafuta picha za maua ya harusi, akazipachika juu ya vile vijumba, ili mzee azungumze huku watu wanatazama maua. Akairenda filamu upya na kuketi kuitazama.

Maua yalikaa vizuri. Lakini sasa bi harusi, ambaye mara ya kwanza uso wake ulikuwa safi kabisa, alikuwa na kiraka cha kijani kwenye paji la uso. Na sauti ya babu ilikwaruza mahali pengine, si pale pa mwanzo.

Mama Kasi aliganda kuliko kompyuta yoyote aliyowahi kuigandisha. Kosa la kamera halihami. Kitu kikirekodiwa kibovu, kitabaki kibovu palepale hata ukitazame mara mia. Kinachohama kimetoka ndani ya mashine, kwenye ram zinazokimbizwa kupita uwezo wao na kuangusha vitu njiani. Picha za Lenzi zilikuwa nzima, zimeingia kabla ram hazijaguswa. Akaona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Hapo angeweza kunyamaza. Angeshusha ram, angetoa filamu safi, na angesifiwa kwa kuirekebisha. Wazo hilo lilimjia, na lilikaa naye kidogo, tusimpambe. Aliingia BIOS, akarudisha ram kwenye mwendo wake wa kiwandani. Prosesa hakuigusa, hiyo alikuwa na hakika nayo. Akayang'oa maua, akairenda filamu mara ya tatu, akakaza macho.

Babu alionekana mzima, na kila neno lake likasikika. Katikati ya maneno, mahali ambapo mwanzo palikuwa na vijumba, mzee aligeuka akatazama kamera yenyewe. "Na wewe, mwanangu, unayenipiga picha, sogea. Sauti yangu haifiki mbali siku hizi." Picha ikasogea taratibu, bila kutikisika hata kidogo, mpaka uso wa mzee ukajaa kwenye skrini, na hapo akaendelea kumwambia mjukuu wake kwamba amempenda tangu hajajua kutembea.

"Baba watoto," Mama Kasi aliita. "Njoo utazame."

Lenzi alitazama akiwa amesimama. Ilipokwisha, mkewe akamweleza yote: ram, haraka, chai.

"Chai?" Lenzi alisema.

"Chai."

Karibu acheke, kisha hakucheka. "Ulimwambia yule mama kwamba ni mimi."

"Nilimwambia."

"Basi," alisema, akatoka kwenda uani. Begi la kamera lilibaki limefungwa.

Jumamosi mama wa bi harusi alifika na binti yake na shangazi wawili kuichukua filamu. Binamu naye alikuwa ameshafika, amekaa karibu na begi kama mtu anayelinda kiti. Waliomba watazame kipande cha babu kwanza. Walipomwona mzee akisogezewa kamera, wote wakalia, na mama akamshika Mama Kasi mikono yote miwili.

"Mwanangu, umetuokoa. Mumeo aliiharibu, wewe ukaitengeneza."

Maneno, ambayo siku zote yalimtoka Mama Kasi bila kuitwa, yalimkauka. Akayatafuta. "Hapana, mama. Mume wangu hakuharibu kitu. Niliharibu mimi, kwa kukimbiza mashine bila kuipima sawasawa, halafu nikamsingizia yeye. Hiki mlichokiona ndicho alichokipiga siku ileile. Mimi sikutengeneza chochote."

Binamu akaangalia sakafu. Mama wa bi harusi alimgeukia Lenzi, aliyekuwa amesimama ukutani.

"Mdogo wake huyu naye ameposwa," alisema, akimwonyesha binti yake. "Nani atatupigia picha?"

Lenzi alilichukua begi kutoka miguuni kwa binamu yake na kulivaa begani.

"Mimi," alisema.