Msimpigie Etelka Makofi

Nikisikia makofi bwawani siku hizi, damu inanichemka. Sisemi makofi ya ushindi, hayo nayapenda. Nasema yale mengine, ya polepole, ya huruma, ambayo watu wenye akili zao timamu humpigia mzee kwa sababu tu kaugusa ukuta akiwa hai. Mtoto akipiga hatua ya kwanza sebuleni hupigiwa hivyo hivyo. Etelka Varró alipigiwa makofi hayo mwezi Machi. Mimi Gizella nilikuwa naye kwenye timu moja, na bado sijapoa.

Etelka ana miaka themanini na mitatu. Alijifunza kuogelea katika mto Tisza, hapa hapa Szolnok, kabla bwawa letu halijapata paa. Alifanya kazi kiwanda cha mikate, zamu ya usiku, na asubuhi badala ya kwenda kulala alikuja bwawani, unga ungali kwenye nyusi. Mtindo wake ulikuwa kipepeo, ule wa kurusha mikono yote miwili kwa pamoja, ambao wengine tunaukimbia. Aliwahi kuwa bingwa wa mkoa. Mwaka aliposhindwa na msichana wa Szeged hakumsemesha mtu majira yote ya joto, hata marehemu mumewe Jenő, ambaye kosa lake lilikuwa kusema kwamba nafasi ya pili si haba.

Uzee ulimjia kwa hila. Mpaka sabini alikuwa anapoteza kasi kidogo kidogo, naye anaifidia kwa ujanja: anageuka upesi ukutani, anapumua mara chache. Halafu mambo yakaanza kuporomoka. Miguu ilikuwa ya kwanza kugoma. Bega la kulia likafuata. Baadaye akaacha kujirusha kutoka kwenye kibao kwa sababu ya kizunguzungu, akawa anaanzia ndani ya maji. Mwisho daktari akamkataza kipepeo. Kila kimoja alikitukana kilipoondoka. Mimi nina sitini na saba, niko nyuma yake kwenye njia hiyo hiyo, na atakayeniambia kwamba uzee ni baraka tutakosana. Uzee ni mwizi wa nyumbani. Leo anachukua kijiko, kesho sahani, na wewe bado unatafuta kijiko.

Vuli iliyopita Botond, kocha wetu sisi watu wazima, kijana wa umri wa mjukuu wa Etelka, alimwita kwenye mbio za kupokezana za mwezi Machi. Wanaogelea wanne, mitindo huru, na timu hupangwa katika makundi kwa jumla ya umri wa wote wanne. Etelka alifurahi hadi akanitia wasiwasi. Majira yote ya baridi alikuja kabla ya jua, bega limepakwa dawa, akisukuma maji na kuyatukana. Aliamini kachaguliwa kwa sababu bado anaweza.

Siku yenyewe ilipofika tulikuwa kwenye benchi, mimi, yeye, na wenzetu wawili, Kornél na Dezső, tumeshavaa kofia. Botond akaja, akachuchumaa mbele yake, akamshika goti.

"Bibi, leo usijichoshe, sawa? Nenda taratibu."

"Bibi yako yuko kwenu," Etelka alisema. "Taratibu kwa nini? Tunashindana na nani?"

"Hamna mtu. Kwenye kundi letu tupo peke yetu. Wewe fika tu ukutani, dhahabu ni yetu. Miaka yako imeshatufanyia kazi."

"Miaka yangu."

"Bila wewe jumla haitimii mia mbili na themanini. Sikukuambia?"

"Hukuniambia."

"Basi ndiyo hivyo. Hata ukielea, bibi, fresh tu."

Akampigapiga goti, akaondoka. Nilitaka kumrushia kiatu, nami ninalenga vizuri. Kornél, ambaye hajawahi kunyamaza pahali panapohitaji kunyamaza, akasema dhahabu ni dhahabu. Etelka alivaa miwani ya maji, akaibana mpaka ngozi ikajikunja.

Yeye alikuwa wa mwisho. Akashuka majini, akashika ukuta, na Kornél alipougusa akaondoka. Mkono mmoja haukutangulia mwingine. Ilitoka yote miwili kwa pamoja.

"Kipepeo," Dezső alisema. "Huyu mwanamke kichaa."

Sheria inaruhusu, kwenye mitindo huru unaogelea utakavyo. Lile bega ndilo halikuruhusu. Lilipanda nusu, likaanguka, likapanda tena. Alipofika ukuta wa mbali alishikilia hapo, kifua kinapanda na kushuka, na Botond akaanza kukimbia pembeni akimwita atoke. Angetoka hapo, tusingekuwa na kitu, si medali wala Etelka. Hakutoka. Alirudi, mikono miwili pamoja, kila mara ikiruka chini zaidi, hadi akaugusa ukuta.

Ukumbi mzima ukasimama. Makofi. Watu wanafuta machozi, wanainua simu. Mwanamke mmoja wa timu ya Miskolc, ambaye hata jina la Etelka halijui, alipaza sauti kwamba ni mrembo. Botond alimfunika taulo, akimwambia amekuwa shujaa, ameogelea vizuri ajabu. Kilemba cha ukoka, nacho kikubwa.

Etelka aliutazama ubao wa muda. Halafu akawatazama wale watu.

"Wanapiga makofi ya nini? Nilipokuwa nawashinda mama zao hakuna aliyesimama." Akamgeukia Botond. "Muda ule ukoje?"

"Bibi, kwa umri wako..."

"Nimeuliza muda."

"Achana na muda bwana, umemaliza!"

Etelka akaanza kuvua kofia. Nilijua kwamba neno moja zaidi la huruma, huyu harudi tena bwawani. Nikamsukuma Botond kando.

"Muda mbovu," nilisema. "Mbovu kabisa, Etelka. Mkono wa kulia unautupa kama unafukuza nzi. Na kule ukutani umekaa mpaka nikadhani unasubiri basi."

Botond alinitazama kana kwamba nimempiga mama yake.

Etelka alivuta pumzi. "Kichwa je?"

"Unakiinua mno. Ndiyo maana makalio yanazama."

"Makalio yangu yalizama hata nikiwa na ishirini."

"Basi umekuwa na muda wa kutosha kuyarekebisha."

Akaketi kwenye benchi, akaunyoosha ule mkono mbele yangu, umejaa mabaka.

"Nionyeshe mkono unapokosea."

Nikakishika kiwiko nikamwonyesha. Kipaza sauti kilituita mara mbili twende tukavishwe medali. Hatukwenda, tulikuwa bado kwenye mkono wa kulia.