Kinu Nyuma ya Ukuta

Nakumbuka, mwanangu, ule mwaka ambao niliponea chupuchupu kufukuzwa kazi kwa sababu ya kinu. Umenieleza habari za muziki wa jirani yako pale Mtopanga, na pamba ulizonunua za kutia masikioni. Nimecheka kidogo, unisamehe, maana mimi pia nilianzia kwenye pamba.

Nilikuwa kijana niliyetoka bara, nimepata kazi kiwandani Changamwe na chumba cha kupanga Mikindani. Chumba cha pili alikaa Mama Kadzo, mjane aliyeuza kisamvu sokoni. Kila saa tisa usiku alikuwa akianza kutwanga yale majani ya muhogo, kinu kiko sakafuni, ubavuni mwa ukuta wangu. Kitanda kilitikisika. Nikatia pamba masikioni, nikaziba matundu ya hewa kwa matambara, nikajifunika blanketi gubigubi katika joto la Mombasa. Nililowa jasho, usingizi ukanijia alfajiri, na saa ya kuniamsha sikuisikia. Nilipochelewa mara ya tatu, msimamizi aliniambia nikichelewa tena nisirudi.

Na unajua nilifanya nini? Sikubisha hodi kwa Mama Kadzo. Nilikwenda kwa mwenye nyumba, Mzee Bakari, nikamtaka amtoe yule mama. Hasira ile naionea haya mpaka leo.

Mzee alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akamwita Mama Kadzo. Alikuja mikono ikiwa ya kijani kwa majani. Alipoelezwa, aliniangalia mimi, wala si mzee.

"Baba, kila asubuhi nakuuliza umelalaje," alisema. "Nawe waniambia salama, mama. Nami namshukuru Mungu. Nyumba mbili nimefukuzwa kwa kinu hiki, nikajua hapa nimepata jirani asiyesumbuka."

Miezi mitano nilimwamkia shikamoo, nikamwambia nimelala salama, na moyoni nimefura. Nilidhani ndiyo heshima. Mzee Bakari alinigeukia, bila kupandisha sauti.

"Wewe wanyamaza miezi mitano, kisha waja kumtoa mtu nyumbani," akasema. "Hiyo si adabu, mwanangu. Ungemwambia mapema, angetengeneza."

Yaliyobaki yalikuwa mepesi. Mama Kadzo alihamishia kinu uani, akakitandikia magunia mawili, akawa anatwanga jioni. Mimi nikasogeza kitanda ukuta wa pili na kutoa yale matambara. Wiki ile niliamka mwenyewe kabla saa haijalia. Kazi niliishika mpaka nikastaafu, na Mama Kadzo alikaa chumba kile mpaka binti yake akamaliza shule.

Basi, mwanangu, pamba tia, pazia zito tundika, kitanda kisogeze mbali na kelele. Hayo husaidia, sikukatazi. Lakini kwanza nenda kwa jirani yako mchana, hasira ikiwa imetulia, umwambie waziwazi kwamba usiku hulali. Usimpelekee watu kabla hujampelekea neno. Wengi wanaotukosesha usingizi hawana ubaya nasi, hawajaambiwa tu. Hata mimi, kwa uzee huu na redio yangu, huenda namnyima mtu usingizi, naye ananistahi.

Mungu akupe usingizi mnono, mwanangu. Na siku jirani atakapokuja kukubishia hodi wewe, akupe moyo wa kumfungulia.